Mtoto wa Mungu kivipi? Kuzaliwa, kuasiliwa, jina jipya na madeni ya ukoo

Mwezi wa kumi tulikuwa Newala kwenye kikao cha ukoo, korosho ndo zimeanza kuanguka na kila mtu ana haraka ya kurudi shambani, kikao chenyewe cha kugawa mikorosho ya mjomba wetu aliyefariki. Pale alikuwepo kijana mmoja ambaye marehemu alimchukua akiwa na miaka mitatu hivi, akamlea, akamsomesha, mpaka akamwozesha. Majina yakasomwa yote, la kwake halikusomwa. Mzee mmoja akasema kwa upole kabisa wala hakuwa na ubaya, "huyu alilelewa, hakuzaliwa." Yule kijana hakujibu kitu, akainuka akaenda kuwasaidia kina mama kubeba ndoo.

Jumapili yake kanisani likasomwa neno la Warumi 8, lile tunalolijua wote, "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba." Watu amina, amina. Mi nilikuwa sipo kabisa, namuwaza yule kijana na ndoo yake. Maana kama kufanywa mwana ndo kule, kwamba unakula mezani, unasalimiwa vizuri, halafu siku ya kugawa jina lako halimo, basi hiyo habari njema inakuwa njema nusu.

Nikaanza kufuatilia na nilichokiona ni kwamba hili jambo wengi tunalielewa vibaya kwa sababu ya picha tulizonazo kichwani kabla hata hatujafungua Biblia. Kiswahili chetu kina mtoto wa kulea, mtoto wa kufikia, mtoto wa kambo, na yote haya ukiyasikia unasikia kama kuna "lakini" inakuja nyuma yake. Kuna neno la kisheria, kuasili, hilo ni zito zaidi, na ukitaka kujua uzito wake isome Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009. Humo amri ya mahakama ikishatoka haki na wajibu wa wazazi wa damu vinakoma na mtoto anahesabiwa kana kwamba amezaliwa na wale waliomwasili, mpaka kwenye mirathi. Yule mjomba wetu hakwenda mahakamani, ni watu wachache sana huku kwetu wanaenda, alilea tu kwa moyo wake. Moyo ulikuwepo ila karatasi haikuwepo, na siku ya kikao moyo ulishazikwa.

Sasa Paulo alipokuwa anaandika alikuwa anawaza karatasi.

Neno lake la Kigiriki ni huiothesia, na ukilivunja linakuwa kama kumweka mtu awe mwana. Kwenye Agano Jipya lote limetokea mara tano tu na zote ni kwenye nyaraka zenye jina la Paulo: Warumi 8:15, Warumi 8:23, Warumi 9:4, Wagalatia 4:5 na Waefeso 1:5. Torati ya Musa haina sheria ya kuasili. Mifano ipo, kuna Musa mwenyewe aliyekuzwa na binti Farao, kuna Esta aliyelelewa na Mordekai, kuna Yakobo pale Mwanzo 48 anawachukua wajukuu zake Efraimu na Manase anasema ni wangu kama Reubeni na Simeoni. Ila utaratibu wa kisheria wenye hatua zake, ambao mtu wa mjini Roma angeujua hata kama hajasoma, ulikuwa wa Warumi.

Na wa Warumi haukuwa wa kuokota mtoto yatima. Mara nyingi aliyeasiliwa alikuwa ni mtu mzima, ana ndevu zake, na mwenye kuasili alikuwa anatafuta mtu wa kubeba jina la nyumba na mali na ibada za mababu zisife. Utaratibu ulikuwa hivi: baba wa damu "anamuuza" mwanae mara tatu, maana kulikuwa na sheria ya zamani sana, ya karne ya 5 kabla ya Kristo, kwamba baba akimuuza mwana mara tatu basi mamlaka yake juu yake yamekwisha. Anauza anaachiwa, anauza anaachiwa, ya tatu imetoka hiyo. Halafu mbele ya hakimu baba mpya anadai, "huyu ni mwanangu," na baba wa zamani anakaa kimya. Ule ukimya ndo unaofunga kesi. Hakimu anatamka na kuanzia hapo mtu yule yuko chini ya mamlaka mengine, ana jina lingine, ni mrithi kamili.

Nikikumbuka kikao chetu, na sisi kulikuwa na ukimya, ila ulikuwa wa upande mwingine.

Waraka kwa Warumi wataalamu wengi wanauweka kwenye mwaka 57 hivi. Nani alikuwa kwenye kiti cha enzi Roma mwaka 57? Nero. Na Nero alikuwa mtoto wa kuasiliwa! Kaisari Klaudio alimwasili mwaka 50, ilhali alikuwa na mtoto wake wa kumzaa anaitwa Britannicus, na mwaka 54 Klaudio alipokufa aliyekaa kwenye kiti ni Nero, wa damu akabaki pembeni. Kabla yake Tiberio naye aliasiliwa na Augusto mwaka 4 baada ya Kristo, na Augusto mwenyewe jina lake la kwanza lilikuwa Oktavio, akaasiliwa kwenye wosia wa Julius Caesar aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo, kijana wa miaka 18 akaamka asubuhi ni mwana wa mtu mkubwa kuliko wote. Yani ile ofisi kubwa kuliko zote duniani kwa wakati ule mara nyingi ilikuwa inapita kwa watu wa kufanywa wana, siyo wa kuzaliwa.

Kuna kioja kingine, Nero alitakiwa amuoe Oktavia, binti wa Klaudio. Damu hawakuwa ndugu wa tumbo moja hata kidogo, lakini kwa kuwa Nero ameshaasiliwa, kisheria ni kaka na dada, ndoa haiwezekani. Wakafanyaje? Ikabidi binti wa kumzaa ahamishiwe kwenye familia nyingine kisheria ndo aolewe na "kaka" yake. Mi hiyo nilipoisoma niliiweka simu chini. Udugu wa karatasi ulikuwa mzito kiasi kwamba aliyehama ni wa damu. (Tabia za Nero tuziache, hazihusiki hapa na wala sizisifii.)

Kwahiyo msikilizaji wa Roma, labda mtumwa, labda muuza ngozi, akisikia "mmepokea roho ya kufanywa wana" hakusikia "mmeonewa huruma". Alisikia kitu cha kutisha kidogo. Na Paulo kamalizia mwenyewe hapohapo mstari wa 17, "na kama tu watoto, basi, tu warithi; warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo." Jina limesomwa kwenye kikao.

Hapa sasa kwetu kuna kikwazo ambacho sijawahi kusikia mhubiri anakigusa, labda kwa sababu wengi wanaokuja kuhubiri wanatoka mikoa ya mbali. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, kwa asili tunahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mwenye sauti juu yake ni mjomba, na urithi wa zamani ulikuwa unatoka kwa mjomba kwenda kwa wapwa. Baba anapendwa, anaheshimiwa, ila kwenye mambo ya ukoo wa watoto wake anaweza akawa kama mgeni aliyekaa karibu na mlango. Siku hizi yamechanganyika sana, dini na sheria na kuhamahama vimebadili mengi, ila vikao vyetu bado vina harufu hiyo. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa anatania wakristo wa nyumbani, anasema "nyie mnamwomba baba mashamba, baba ana mashamba gani? Mwombeni mjomba." Tulikuwa tunacheka. Ila bibi alikuwa ameona kitu.

Kwa Paulo "baba" ni mtu mwenye mamlaka yote, mwenye jina, mwenye mali, neno lake ndo mwisho. Kwa mtoto wa Kimakonde vitu hivyo viligawanywa, upendo wa kila siku kwa baba, mamlaka na urithi kwa mjomba. Ukitaka usikie kile walichosikia wale wa Roma inabidi uwaunganishe hao watu wawili wawe mmoja, yule anayekubeba mgongoni na yule anayesoma majina kwenye kikao. Sisemi tubadilishe sala, hapana, Yesu kasema Baba yetu na iwe hivyohivyo. Nasema tu ukilisikia neno Baba kanisani usiliache liwe dogo kama lilivyo kwenye vikao vyetu.

Hapohapo kwenye Aba. Kuna mahubiri yanasema Aba ni sauti ya kitoto, kama mtoto mchanga anavyoita. Inapendeza ila haijakaa sawa, Aba ni Kiaramu na hata mtu mzima alimwita hivyo baba yake. Uzito wake uko pengine: kwenye Agano Jipya limetokea mara tatu tu, na mara ya kwanza ni Yesu Gethsemane, Marko 14, usiku ule anaomba kikombe kimwepuke. Mbili zilizobaki, Warumi 8 na Wagalatia 4, ni sisi. Kwahiyo tumepewa neno ambalo Mwana wa kuzaliwa alilitumia akiwa kwenye shida kuliko zote. Siyo neno la kubembeleza, ni neno la mtu anayejua yuko nyumbani kwao hata kama nyumba inaungua.

Haya, swali ambalo kwenye madarasa ya kipaimara linaulizwa kila mwaka na linajibiwa kila mwaka juujuu: tumezaliwa au tumeasiliwa? Maana Yohana anasema waliompokea "aliwapa uwezo wa kufanyika watoto wa Mungu" na kwamba wamezaliwa "si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu." Halafu Nikodemo anaambiwa azaliwe mara ya pili. Paulo yeye anasema kufanywa. Mtu hawezi kuzaliwa na kuasiliwa kwenye nyumba moja, si ndiyo?

Kwa mtu wa kawaida haiwezekani. Ila hizi ni picha mbili za jambo moja na kila moja inaona upande wake. Yohana anaangalia uhai, kwamba kuna kitu kipya kimeanza kuishi ndani ya mtu ambacho hakikuwepo, na uhai hauletwi na karatasi. Paulo anaangalia nafasi, kwamba huyu mtu sasa ni nani mbele ya sheria, anadaiwa na nani, atarithi nini. Ukishika ya Yohana peke yake unaanza kujipima kila siku, leo najisikia nimezaliwa upya, leo sijisikii, jana nilikasirika basi labda sikuzaliwa. Ukishika ya Paulo peke yake unaweza ukawa na cheti na tabia hamna. Na Yohana ana adabu moja nzuri, neno la Kigiriki la "mwana" wa Mungu analiacha kwa Yesu peke yake, wengine wote anatuita "watoto" kwa neno tofauti, ili mtu asije akadhani tumekuwa sawa na Yule. Makanisa yanatofautiana ni lini hasa jambo linatokea, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanalifunga na ubatizo, Wapentekoste wanalifunga na siku mtu anapoamini mwenyewe, na huo ugomvi siuwezi, nauruka.

Ila kuna ndugu zangu Waislamu siwezi kuwaruka, maana Mtwara na Lindi nyumba moja unakuta wa msikitini na wa kanisani wanakula sinia moja. Mjomba wangu mwingine, yupo Mikindani, aliniuliza siku moja tukiwa tumekaa baraza, "nyie mnasemaje Mungu ana watoto?" Nikajua swali lake lina mizizi miwili. Wa kwanza ni ule wa tauhidi, kwamba Mungu ni mmoja tu, unajulikana. Wa pili ni huu ambao hatuuoni, kwamba Qurani kwenye sura ya 33 inaagiza watoto wa kulelewa waitwe kwa majina ya baba zao, yani mlee yatima, mpende, thawabu ipo, lakini usimbadilishie nasaba. Kwahiyo kwa yeye kusikia tu habari ya mtu kuhamishwa ukoo na kupewa ubini mwingine linagonga mahali ambapo pameshakatazwa. Tulichokubaliana siku ile ni kwamba hata wakristo hatusemi Mungu amezaa kama binadamu anavyozaa, akasema "basi hapo sawa, lete kahawa." Hatukumaliza ila tulielewana tunaongelea nini, na hiyo siyo kidogo.

Nasaba ndo inanipeleka kwenye jina jipya. Watu wanasema Saulo aliokoka akawa Paulo, ni mfano unaopendwa sana. Fungua Matendo. Anatokewa na Yesu sura ya 9 na baada ya hapo bado anaitwa Sauli, sura ya 11 Sauli, ya 12 Sauli, ya 13 anatumwa na kanisa la Antiokia kwa jina la Sauli, na ni mstari wa 9 wa sura hiyo ndo unakuta "Sauli, ambaye ndiye Paulo", akiwa Kipro mbele ya liwali wa Kirumi. Alikuwa na majina mawili muda wote, la Kiyahudi la nyumbani na la Kirumi la mjini, kama sisi tu. Hakuna aliyemwambia acha jina la kabila lako la Benyamini. Simoni kweli alipewa jina Petro na Abramu akawa Ibrahimu, ila kuligeuza kuwa masharti kwamba utambulisho mpya ni lazima utupe jina la babu yako, hilo halipo. Jina la ubatizo ni desturi nzuri, na wengine wetu tumebatizwa kwa majina ya watakatifu ambao hatujui hata walikuwa watu wa wapi, lakini siyo hilo linalokufanya mwana.

Ukitaka kuona watu ambao habari hii iliwakuta mwilini kabisa nenda Masasi. Mwaka 1873 soko la watumwa Zanzibar lilifungwa. Miaka mitatu baadaye, 1876, Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa, watu waliokamatwa bara huko, wengi upande wa Nyasa, wakashushwa mpaka pwani kama Kilwa, wakapakiwa majahazini. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na kwao. Walipofika Masasi wakaona maji, wakaona ardhi, wakasema hapahapa panatosha. Wengine walichukuliwa wakiwa wadogo hawakumbuki hata jina la kijiji. Sasa mtu kama huyo ukimsomea Wagalatia 4:7, "wewe si mtumwa tena bali u mwana," hasikii fumbo. Ukoo wake uliliwa na njia ya msafara, mjomba wa kusoma jina lake kwenye kikao hayupo, na kuna nyumba imesema we ni wa kwetu.

Na sitaki kulipaka sukari, maana mwaka 1882 Wangoni waliojulikana kama Wamagwangwara waliivamia Masasi, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka tena, misheni ikahamia Newala. Fikiria umekombolewa, umebatizwa, umeambiwa si mtumwa tena, halafu unafungwa kamba mara ya pili. Huyo alikuwa mwana au mtumwa siku ile? Paulo aliandika mambo haya kwa watu ambao baadhi yao walikuwa watumwa na wakabaki watumwa baada ya barua kusomwa. Alikuwa anasema kuna sajili moja ambayo jina likishaandikwa, mwenye kamba haifikii. Hilo kwangu ni gumu kulikubali kirahisi na sidhani kama linatakiwa liwe rahisi.

Roho ya utumwa "iletayo hofu". Hapo kwenye hofu ndo pana biashara sasa hivi. Kuna watumishi wanapita mjini na vijijini wanawaambia watu wazima, waliobatizwa, wenye imani yao, kwamba una laana ya ukoo, babu yako aliingia agano na mizimu, ndo maana huolewi, ndo maana korosho zako zinapata ukungu wa unga, na kukata hiyo kamba kuna sadaka yake. Mi nilishawahi kutoa, nilikuwa na shida na nikatoa, kwahiyo siwacheki wanaotoa. Ila ukishaelewa kuasiliwa kwa Kirumi unajiuliza swali moja tu: kama nimehamishwa nyumba na baba wa zamani amenyamaza mbele ya hakimu, huyu anayekuja kunidai deni la ile nyumba anadai kwa mamlaka ya nani?

Hapa sasa wahubiri wanapenda kusema aliyeasiliwa Roma madeni yake yote yalifutwa. Ni kweli nusu. Mtu aliyekuwa anajitegemea akiasiliwa, kisheria utu wake wa zamani ulihesabika umekufa na madeni yake nayo yakafa. Ila watu wakaanza kuponea humo, unakopa, unaasiliwa, unasepa, mpaka mahakimu wa Roma ikabidi wawape wadai njia ya kudai. Kwahiyo ukiwa kiumbe kipya, ya kale yamepita tazama yamekuwa mapya, deni la kikoba unalipa. Mwenyekiti wa VICOBA hajui Kigiriki. Onesimo ndo mfano mzuri kwenye barua kwa Filemoni, mtumwa aliyemkimbia bwana wake, Paulo anamrudisha akiwa "zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa", na kama kuna kitu anadaiwa Paulo anasema kiandikwe juu yake yeye, atalipa, ameandika kwa mkono wake. Undugu mpya haukufuta hesabu kimyakimya, kuna mtu alijitolea kuilipa. Na hapo ukitulia utaona ni msalaba uleule umeelezwa kwa lugha ya daftari.

Kuna kitu Kiswahili kimetupa bure. Huios kwa Kigiriki ni mwana wa kiume, na sheria ya Roma ilikuwa na wanaume kichwani. Sisi "mwana" ni yeyote, binti kwa kijana. Kwahiyo dada akisoma hapashtui panapotakiwa kushtua, maana Paulo kwenye Wagalatia 3 anawaambia wote ni wana halafu mstari wa 28 anasema hapana mtumwa wala huru, hapana mtu mume wala mtu mke. Yani nafasi ile ya mtoto wa kiume mrithi, wanawake na watumwa nao wamewekwa humohumo, bila kupunguziwa. Mama zangu wa huku labda wangejibu "sisi ukoo ulikuwa wetu toka zamani", na wako sahihi.

Sasa fundo la mwisho. Warumi 8:15 inasema mmeshapokea. Mistari minane mbele, 8:23, mtu yuleyule kwenye barua ileile anasema tunaugua "tukikutazamia kufanywa wana, yaani, ukombozi wa mwili wetu." Tumefanywa au tunangoja? Yohana naye, "sasa tu wana wa Mungu, wala haijadhihirika bado tutakavyokuwa" (Kiswahili kimeweka "wana", ila Kigiriki chake ni lilelile la "watoto").

Mtu wa Kusini hili hahitaji kitabu, anahitaji kukumbuka jando. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona hivyo mapema, wakati wamisheni wengi wanalipiga vita jando kama upagani, yeye akaliweka likaendeshwa na wakristo wenyewe, na sala zake na mafundisho yake. Alilaumiwa, na mpaka leo wapo wanaomlaumu kutoka pande zote mbili. Ila alielewa kwamba hawa watu tayari wana mahali ambapo mtu anaingia na jina moja na kutoka na lingine.

Mdogo wangu wa mwisho aliingia jandoni likizo ya mwezi wa 12. Kule ndani alikuwa ameshatahiriwa, ameshafundishwa, jina jipya ameshapewa na wenzie wanamwita nalo. La utotoni hakuna anayelitaja, ni tusi. Kwa kila kinachohesabika alikuwa ameshakuwa. Lakini mama alikuwa hajamwona, kijiji hakijamwona, kidonda bado kinauma, usiku analia kimya asisikike, na nguo mpya zimekunjwa kwenye begi la mjomba zinangoja siku. Alikuwa mtu mzima aliyefichwa.

Siku ya kutoka ngoma zilianza kabla ya jua. Wakaletwa mstari mmoja, wamefunikwa, wamepakwa mafuta, vichwa vimeinama. Mama alikuwa kasimama mbele na khanga mpya, kashika noti mkononi, na mwanae alipofunuliwa uso akapiga kelele kwa furaha akamwita lile jina lake la zamani. Mama mdogo akamfinya mkono. Mama akaziba mdomo, akacheka, akauliza kwa sauti ya chini, "sasa anaitwa nani?"